Mashine Kwenye Meza ya Redio

Sitaki mtu anihurumie kwa habari hii, wala sitaki pongezi. Naieleza kwa sababu majirani zetu wa Lurambi wameieleza vibaya. Wako waliosema nilileta nyumbani mtambo wa kuabudu shetani, kwa kuwa dirisha letu lilionekana na mwanga wa buluu jioni. Wako waliosema ni kamari. Kakangu, ambaye amesoma na angepaswa kuuliza kabla ya kusema, alisema ni moto unaosubiri nyumba. Hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekaza skrubu zake moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nimerudi kwa Mama baada ya ndoa yangu kuvunjika. Ilivunjikaje, sitasema, mwenye hamu amuulize yule bwana, yeye hupenda sana kusema. Nilirudi na nguo zangu na kazi yangu, maana nilikuwa nimeajiriwa katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Kakamega, na kazi haikuwa imenipa talaka. Kwetu mwanamke aliyerudi hukaa kama mgeni aliyesahau kuaga. Hulishwa, huulizwa hali, lakini hakuna anayemwonyesha mahali pake. Kakangu ni kifungua mimba, tena wa kiume. Yeye ana nyumba yake ndani ya boma, na karibu mwaka mzima imefungwa kwa kufuli kwa sababu anaishi Eldoret. Mimi nilipewa chumba cha kuhifadhia mahindi, mahindi yakiwa bado ndani.

Sebule ilikuwa milki ya Mama. Kila kitu mle kilivaa kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa kroshia: makochi, meza, runinga, chupa ya chai, hata mtungi wa gesi ulipambwa kama bibi harusi. Kiti cha Baba, ambaye alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, kilikuwa na chake. Kiti cha kakangu kilikuwa na chake, na kilifuliwa na kupigwa pasi kila alipotuma ujumbe kwamba anakuja. Nilipoolewa Mama alinifumia seti nzima ya rangi ya maziwa, nami niliiacha kule, kwa sababu siku niliyotoka sikuwa na mkono wa kubebea vitambaa. Sasa nilikalia kiti cha plastiki karibu na mlango. Hakikuwa na kitu juu yake. Mama hakusema neno kuhusu hilo, na mimi pia sikusema, lakini niliona na liliniuma.

Mashine niliipata dukani. Mteja mmoja aliyekuwa akienda kufanya kazi ng'ambo alileta karatasi zake za safari zichapwe, na katika mazungumzo akaniuliza kama namjua mtu anayeweza kununua kifaa kidogo cha kuchimba bitcoin. Nilikuwa nimesoma habari hizo kwenye simu kwa muda mrefu, wateja wakichelewa. Nikamwambia mtu huyo amekaa mbele yake. Alinitolea kwenye bahasha kibao cha kijani cha upana wa kiganja, chenye chipu moja katikati, bati nene la aluminiamu lenye mikunjo la kutoa joto, feni, na skrini ndogo kama ya saa ya mkononi. Adapta ya umeme hakuwa nayo, ilikuwa imeungua.

Kwa asiyejua, bitcoin ni pesa ya mtandaoni isiyo na benki wala gavana. Malipo yake huthibitishwa na mashine zilizotapakaa duniani kote, na mashine hizo hushindana kubahatisha namba. Inayopatia kwanza ndiyo hulipwa. Wako matajiri wenye mashine zinazojaza maghala, zikinguruma kama kiwanda cha sukari. Yangu ilikuwa moja, na uwezekano wa kupatia kabla ya maghala hayo ulikuwa mdogo hata kuutaja ni kujichekesha. Nililijua hilo kabla sijailipia. Nataka lieleweke vizuri, kwa sababu watu hupenda kudhani mwanamke aliyeachika lazima kuna mtu amemdanganya. Sikudanganywa. Nilitaka kitu kimoja ambacho nimekiunganisha mwenyewe, nikakirekebisha mwenyewe, kikafanya kazi bila kuomba ruhusa kwa mwanamume yeyote. Na kama siku moja kingepatia namba, nani angekataa?

Niliiweka juu ya meza ya redio. Baba alipokuwa hai, meza hiyo ndogo ilibeba redio yake karibu na dirisha, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa saa ya taarifa ya habari. Baada ya mazishi kakangu aliichukua redio kama ukumbusho. Meza aliiacha kwa sababu haikuenea kwenye gari. Ilikaa pale ikiwa na kitambaa chake na hakuna kitu juu yake. Palikuwa na soketi, palikuwa na hewa ya dirishani, na ruta ya intaneti ilikuwa karibu. Sikuitisha kikao. Nilikunja kitambaa, nikaweka mashine.

Siku za mwanzo ilinisumbua kama mtoto anayeota meno. Nilijaribu adapta ya ruta ya zamani. Skrini iliwaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima. Volti zilikuwa sawa lakini adapta haikuwa na nguvu ya kusukuma umeme wa kutosha, kwa hiyo kila mara chipu ilipotaka kuanza kazi kila kitu kilianguka. Nilitafuta adapta nzito zaidi, na pamoja nayo kile kifaa cha kulinda umeme ambacho watu huweka kwenye friji, kwa maana umeme wetu hupanda na kushuka unavyotaka. Nikang'oa bati la aluminiamu, nikafuta pesti ya zamani ya kupitishia joto iliyokauka kama uji kwenye sufuria, nikapaka mpya juu ya chipu, nikarudisha skrubu kwa kupokezana pembe ili bati lisikae upande. Kisha nikaiunga na intaneti kwa simu yangu, nikaandika anwani ya pochi yangu ya bitcoin, nikasubiri.

Feni ilizunguka. Kwenye skrini namba zikaanza kupanda. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akaitazama kwa muda, akauliza inapika nini. Nikamwambia inapika namba. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema maharagwe, akarudi jikoni.

Watu hudhani kazi huishia hapo, kumbe hapo ndipo huanza. Mashine ya namna hii hutoka kiwandani ikiwa imepewa mwendo wa wastani. Ukitaka ifanye kazi zaidi unaingia kwenye ukurasa wake kwa simu, unaongeza kasi ya chipu kidogo, unaiacha itulie, unatazama. Ikianza kukosea hesabu, ina maana kasi imeizidi nguvu, unaiongezea umeme kidogo sana, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi wa wageni. Lakini umeme huleta joto, na joto likizidi mashine hujizima kabla haijaungua. Kwa hiyo unazunguka hapo katikati, kasi, umeme, joto, mpaka upate mahali inapokimbia bila kuhema. Nilipenda kazi hiyo. Sijawahi kupenda kazi nyingine vile. Kila asubuhi nilisimama mbele ya meza ya redio na kikombe cha chai, nikasoma namba za usiku kucha, nikabadilisha kidogo, nikaenda kazini nikitembea kama mtu mwenye siri nzuri.

Tatizo likaja na mvua za alasiri. Kila anayeijua Kakamega anajua: asubuhi jua, mchana jua kali, halafu mawingu yanatoka upande wa msitu na radi inaanza kupasua. Niliporudi jioni nilikuta mashine imesimama. Skrini ilikuwa imeandika kwamba imezidiwa na joto, na kasi yote niliyoitafuta kwa siku nyingi ilikuwa imefutwa, imerudi chini kabisa. Nikaanza upya. Kesho yake mvua ikanyesha, nikakuta hali ile ile. Siku ambayo haikunyesha, mashine ilifanya kazi vizuri mpaka jioni. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mchana wa jua kali haikulalamika, lakini mvua ikileta baridi ndipo inakufa kwa joto? Nilisoma yote yaliyoandikwa mtandaoni, na hakuna mahali niliposoma mashine inayochukia baridi.

Sikukata tamaa, niliudhika tu, na mimi nikiudhika hufanya kazi vizuri. Nilibadilisha pesti. Nilipunguza umeme. Nilinunua feni kubwa zaidi, nikaifunga kwa waya. Nililaumu umeme, kwamba mvua ikinyesha unachezacheza. Yote hayakusaidia kitu.

Katikati ya hayo, kakangu akaja kupanga ibada ya ukumbusho wa Baba. Alifika alasiri ya mvua, mimi nikiwa kazini. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti chake chenye kitambaa kilichopigwa pasi, kidole chake kikiwa ndani ya kikombe cha maji. Alikuwa ameiona mashine, akashangaa ni kitu gani hicho juu ya meza ya mzee, akaligusa bati, likamchoma. Nilitaka kucheka na nilicheka, jambo ambalo halikusaidia.

Alianza kwa methali, kama kawaida yake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia guu ni langu. Akaniuliza mashine imeniletea nini mpaka sasa. Nikamwambia haijaniletea kitu. Akamgeukia Mama kama wakili aliyemaliza kesi. Nikamkumbusha mjomba wetu wa Malinya, ambaye amechimba dhahabu tangu sisi tukiwa wadogo, anaosha udongo wiki nzima na kurudi nyumbani na udongo, na hakuna aliyewahi kuitisha mkutano wa kumtoa kwake. Yeye huitwa mtu wa bidii. Mimi nikiweka kitu kisichozidi kikombe juu ya meza, kinachokula umeme kama balbu, naitwa mgonjwa. Kakangu alisimama, akaonyesha meza kwa kile kidole chake chenye maji.

"Hii kitu itachoma nyumba ya mzee," alisema. "Siku ya ukumbusho nikiikuta hapa iko moto hivi, inatoka. Na wewe utafute pahali pa kuweka vitu zako."

Nilimtazama Mama. Alikuwa na sindano yake ya kroshia mkononi, macho yameinamia uzi. Hakusema ndiyo wala hapana. Niliumia kwa kimya hicho kuliko maneno ya kakangu, kwa sababu nyumba ilikuwa ya Mama, na neno lake moja lingetosha. Nikasema sawa. Siku ya ukumbusho aje, ataikuta juu ya meza hii hii, inafanya kazi, na aiguse kwa mkono mzima akitaka. Liwalo na liwe. Nilipoingia chumbani kwangu nilikalia gunia la mahindi nikalia, halafu nikapangusa uso nikatafuta bisibisi.

Ikawa sasa si mchezo tena. Kama mashine ingeendelea kupata joto, kakangu angekuwa na haki, na haki yake ingenitoa pamoja nayo. Niliipunguza kasi mpaka ikawa inatambaa. Bado mvua ikinyesha nilikuta imesimama. Nilianza kuiwazia vibaya, nikaona kwamba hata mashine imeungana nao.

Nilijua ukweli siku ambayo umeme ulikatika mjini na mwenye duka akatufunga mapema. Upande wetu wa Lurambi umeme ulikuwa bado upo. Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa, radi ikipiga, nikafungua mlango bila kubisha.

Mama alikuwa amekaa katikati ya sebule, mbali na dirisha, miguu yake juu ya kigoda. Kioo cha kujitazamia kilichokuwa ukutani kilikuwa kimefunikwa na leso. Runinga ilikuwa imefunikwa. Sufuria mpya zilikuwa zimegeuzwa chini ya kitambaa. Na juu ya meza ya redio, kile kitambaa kizito cha meza ya kulia, kilichokunjwa mara mbili, kilikuwa kimeifunika mashine yangu kutoka juu mpaka chini. Chini yake feni ililia kama mbwa aliyefungiwa ndani.

Niliruka nikakitoa. Hewa iliyotoka ilikuwa kama ya jiko. Namwambia msomaji ukweli: nilikasirika vibaya sana.

Mama hakuona kosa. Kwetu kila mtu amekua akijua kwamba radi hufuata kinachong'aa, na mvua ikianza mama mwenye nyumba hufunika vioo kabla ya kuanua nguo. Bati langu la aluminiamu liling'aa, na skrini yangu iliwaka. Kwake yeye, kuliacha wazi karibu na dirisha ni kuiita radi kwa jina.

"Radi haipendi kitu inang'aa," alisema. "Mvua ikianza nilikuwa nafunikanga, halafu natoa kabla hujafika, ndio usinicheke. Si nilikuwa naichunga?"

Nikamwambia hakuwa akiichunga, alikuwa akiinyima pumzi. Nikamwonyesha feni inavyovuta hewa mbele na kuitoa nyuma, nikaushika mkono wake nikauweka nyuma ya bati ausikie upepo wa moto. Aliuweka pale kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ndiyo maana kidole cha kakangu kiliungua. Nikamwambia ndiyo. Hata siku hiyo alikuwa ameifunika, akakitoa kitambaa aliposikia gari, na mashine ilikuwa bado na joto lote la chini ya kitambaa.

Nilidhani sasa mambo yameisha. Nikamwomba ampigie kakangu simu amweleze. Alikataa. Nikarudia, akakataa tena, na mara hii alisema sababu: mwaka uliotangulia kakangu alimcheka mbele ya watu wa kanisa kwa ajili ya kile kioo chenye leso, akasema Mama bado anaishi zamani. Watu walicheka naye. Mama hakutaka kuwapa kicheko cha pili. Nikamwambia kwa hiyo bora mimi nifukuzwe. Nikamwambia pia kwamba sitakubali mashine ifunikwe tena, radi au si radi, na kwamba kile kifaa cha kulinda umeme kinafanya kazi kuliko leso zote za Lurambi. Akasema na yeye hawezi kukaa nyumba moja na kitu kinachong'aa uchi wakati wa mvua, tena siku ambayo nyumba itajaa watu. Tukalala hivyo, kila mmoja na lake.

Siku zilizofuata tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Mvua ilinyesha na sikukuta kitambaa. Sijui alikuwa akikaa wapi radi ikipiga. Nafikiri alikwenda jikoni. Mashine ilikimbia usiku na mchana bila kusimama, nikairudisha kwenye kasi yake nzuri, nikaipandisha zaidi kidogo. Asubuhi moja nilimkuta Mama mbele ya meza akiwa ameshika uzi, ameuzungusha kwenye mashine. Nikadhani anatoa vumbi. Aliponiona alikunja uzi akautia mfukoni.

Siku ya ukumbusho ikafika. Hema lilisimamishwa uani, jamaa wakaja kutoka Iguhu na Malinya, wanawake wa kanisa wakashika jikoni. Obusuma, ugali wetu, ilisongwa kwenye sufuria kubwa, na ingokho, yaani kuku, zilichinjwa za kutosha. Firigisi, bila shaka, ilikwenda kwa kakangu, naye aliila kama mtu aliyeipata kwa mtihani. Mimi nilibeba sinia. Kila nilipopita sebuleni nilitupa jicho kwenye meza ya redio. Feni ilikuwa ikizunguka.

Mjomba wa Malinya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiendea. Aliinama, akaitazama kama anavyotazama udongo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata. Nikasema bado. Akasema hata yeye, akaenda kutafuta chai.

Baada ya chakula mawingu yalifunga. Ibada ikahamishwa kutoka hemani, na waliotosha wakaingia sebuleni, wazee kwenye makochi, wengine wamesimama ukutani. Mhubiri alikuwa akitafuta ukurasa wake radi ilipopiga ya kwanza. Kakangu aliangalia dirisha, akaangalia meza, akanyanyuka. Alisema mbele ya wote kwamba alikuwa ameshatoa neno kuhusu kitu hiki, na kwamba leo, siku ya mzee, na mvua hii, hakitabaki. Hakuuliza kama kina joto. Alinyoosha mkono kuelekea soketi.

Nilifika kabla yake. Niliweka kiganja changu juu ya plagi, nikamwambia masharti yalikuwa yake mwenyewe: aiguse kwanza. Akiungua, nitaitoa mimi mwenyewe na nitatoka nayo. Shangazi mmoja alianza kunong'ona kwamba haya si mambo ya kufanya mbele ya wageni. Sikuondoa mkono.

Mama alisimama kutoka kwenye kochi. Kwanza alikwenda ukutani akakifunika kioo kwa leso yake, bila haraka, watu wote wakimwona. Hakuna aliyecheka. Kisha akafungua droo ya meza ya runinga, akatoa kitambaa kipya cheupe, akaja akasimama kati yangu na kakangu.

"Toa mkono," alimwambia kakangu.

Akakivisha kile kitambaa juu ya mashine. Kilikuwa kimefumwa kwa kipimo chake. Mbele kilikuwa na shimo la duara, pindo lake limezungushiwa maua madogo, na feni ilikaa katikati ya shimo hilo sawasawa. Palikuwa na dirisha dogo mahali pa skrini. Nyuma, upande hewa ya moto inakotokea, alikuwa ameuacha wazi kabisa. Bati lililokuwa liking'aa halikuonekana tena. Feni iliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Ile moto ilikuchoma ni mimi niliipika," alimwambia. "Nilikuwa naifunikanga mvua ikinyesha. Sasa nimeifumia yake. Na kitu iko na kitambaa kwa nyumba yangu haitoki."

Kakangu alimtazama, akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa akitafuta methali na haikuja. Aliweka mgongo wa mkono wake nyuma ya mashine, akauacha hapo, akautoa. Akasema ni vuguvugu tu. Akarudi kwenye kiti chake akakaa, na mhubiri akapata ukurasa wake. Mvua ilinyesha ibada yote. Radi ilipiga mara nyingi upande wa msitu, na Mama aliimba nyimbo zote macho yake yakiwa juu ya meza ya redio.

Jioni wageni walipoondoka niliingia kwenye ukurasa wa mashine kwa simu. Joto lilikuwa limepanda kidogo, maana kitambaa ni kitambaa hata kikiwa na mashimo. Ningeweza kukitoa, Mama alikuwa nje akiwagawia watu chakula kilichobaki. Badala yake nilipunguza kasi ya chipu, nikapunguza umeme, nikasubiri mpaka joto lirudi mahali pake. Wanaojua mambo haya mtandaoni wakisikia nimepunguza kasi ya mashine kwa ajili ya maua ya kroshia watanicheka. Wacheke. Sikupunguza kwa ajili ya kakangu wala majirani, wala mhubiri, na mtu mwingine akiniambia nipunguze sitapunguza. Haijapatia namba mpaka leo, na huenda isipatie kamwe.

Mama alirudi ndani, akakaa, akanyoosha miguu yake juu ya kigoda. Nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki karibu na mlango, nimechoka, sinia bado mapajani. Alinitazama, halafu akaangalia kikapu chake cha kufumia, ambacho kilikuwa kitupu.

"Cha kiti yako bado," alisema. "Nyuzi iliniishia kwa hiyo mashine yako."

Nikamwambia asiharakishe, kwa sababu siendi mahali.